Ufa Kwenye Chombo cha Manjano

Onesmus Nyakundi alizaliwa Tabaka, Kisii, katika ukoo wa wachonga mawe, na tangu utotoni alijua kugonga jiwe kwa ukucha akasikia kama lina ufa ndani. Masikio hayo ndiyo yaliyomtoa kwenye usafi wa hoteli Al Mankhool, Uarabuni alikokwenda kutafuta kazi, na kumwingiza katika ghala moja la Jebel Ali, lililotunza vitu vya kale vya matajiri. Kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua makasha. Kwa miaka mitatu hakuvunja hata kisahani.

Machi 2017 vikaja vyombo vinne vya kaure, vya sadaka za wafalme wa China wa zamani. Havikuwa na maua wala nakshi, kila kimoja na rangi yake: cha buluu kwa mbingu, cha manjano kwa ardhi, chekundu kwa jua, cheupe kwa mwezi. Jovia, Mganda aliyeshughulikia makaratasi, ndiye aliyemsomea hayo wakiwa wameliinamia kasha.

Onesmus alikigonga kile cha manjano. Hakikulia. Akakigeuza, akaona mstari mwembamba kama unywele ukizunguka kitako. Akamwita msimamizi wao, Shafiq, na kumwomba waandike habari za ufa huo kabla hakijaguswa na mtu mwingine. Lakini Shafiq alikuwa ameshatia saini kwamba vyote vimefika vizima.

"Khalas, yamekwisha," akasema mbele ya Jovia. "Funga. Hukuona kitu."

Onesmus akafunga.

Wiki mbili baadaye mwenye mali, madam mmoja wa makamo, alikuja na mtaalamu wake. Mtaalamu alipokiinua chombo, kitako kilibaki mezani. Madam hakupiga kelele. Alikaa akafunika uso. Shafiq akasema mtu wa mwisho kukishika ni Onesmus. Jovia alipoulizwa, alitazama viatu vyake, akajibu kwamba siku ile hakusikia mazungumzo yoyote. Viza yake ilidhaminiwa na kafeel yuleyule, mwajiri wa wote wawili, na Onesmus hakuweza kumchukia.

Wakamletea karatasi akiri kwamba alikiangusha.

"Ningekiangusha ningesema," aliwaambia. "Kosa langu ni kunyamaza."

Hakutia saini. Viza ikafutwa. Alikaa siku kumi na tisa kwenye kambi ya wafanyakazi akingoja tiketi, wenzake wakimkwepa hata kwenye foleni ya chakula, kila mmoja akichelea ajira yake. Aliporudi Nairobi, kila mwajiri aliyepiga simu ghalani kuuliza habari zake aliambiwa huyo ni mvunjaji. Mwishowe akaajiriwa ulinzi kwenye jengo la maduka, kukagua magari.

Mwaka uliofuata Jovia alimtumia ujumbe. Zilikuwa zimepatikana picha za chombo kabla hakijasafirishwa, ufa ukionekana wazi. Ofisi ilijua tangu Aprili ile. "Nisamehe, kaka," aliandika.

Onesmus alisoma mara mbili. Gari lililokuwa mbele yake likapiga honi. Akaitia simu mfukoni, akamwomba dereva afungue buti.