Nilivyoutetea Mtungi wa Shangazi kwa Kiingereza

Mpaka leo nikifika ule mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo nainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano, maana wako watu barazani pale ambao wakiniona tu wanasema, "Bwana Uvunjwe huyo!" na mimi sasa ni mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, ndevu zimeanza mvi, nimetembea nchi hii toka Lindi mpaka Bukoba (sikai mahali, mke wangu anasema nina chawa kwenye nyayo), lakini nikirudi Dar es Salaam mimi ni Bwana Uvunjwe tu. Aibu yenyewe niliipata mchana kweupe, watu wamejaa, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenisaidia. Au tuseme walinisaidia sana, kama mtakavyoona.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya pili. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nakaa kwa shangazi yangu Bi Mwamvua, aliyekuwa akipika vitumbua na kuviuza pembeni mwa soko. Vitumbua gani! Laini, vina iliki ya kutosha, ukingoni vimeungua kidogo vile inavyotakiwa, makarani wa Posta walikuwa wakivifuata kwa miguu asubuhi asubuhi na kurudi ofisini vidole vinang'aa mafuta. Shangazi hakuwahi kukaa darasani, lakini ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa Mwalimu Tobia nikajifunze Kiingereza, akasema, "Mfundishe huyu, mwalimu, maana mdomo anao, kilichobaki ni maneno."

Sasa ngoja niwaeleze lile darasa, maana bila hilo hamtanihurumia. Mwalimu Tobia alikuwa karani, akitoka kazini alasiri anapita chumba kimoja Gerezani, anavua koti, anatundika kwenye msumari, anatufundisha kundi zima kwa kitabu kimoja. Nampenda mtu yule mpaka kesho, sijaona tena mtu aliyechoka vile akafundisha vile. Kwa kuwa kitabu kilikuwa kimoja, na njia ilikuwa moja: yeye anasoma sentensi, kiranja anasimama, anakunja mikono kifuani, anairudia, kisha darasa zima linaitikia. Mwalimu akisema tena kwa sauti kubwa, maana yake hamkusikika, basi na nyinyi mpandishe. Kiranja nilikuwa mimi.

Na tulikuwa wazuri, msidhani! Wapita njia walikuwa wakisimama dirishani kutusikiliza. Kiingereza kilikuwa kitamu mdomoni kama halua, hata pale tusipojua tunasema nini (tulikuwa na sentensi nzima nzima za habari za theluji, na mimi theluji mpaka leo nimeiona kwa mbali tu, juu ya mlima, nilipofika Moshi). Tukitoka darasani mimi na rafiki yangu Ramadhani tunakwenda mpaka Mnazi Mmoja tukitaja kila kitu kwa Kiingereza, mbuzi, baiskeli, mwavuli, kofia, tunafika nyumbani koo zimekauka. Kitu kimoja tu hatukuwahi kufanya, nacho ni kuulizwa swali na Mzungu tukalijibu.

Basi siku hizo Bwana Afya alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kutafuta viluwiluwi vya mbu kwenye maji. Akivikuta, chombo chako kinavunjwa papo hapo. Shangazi alikuwa ameshaonywa mara moja, akaambiwa akirudia kosa, biashara ya chakula itakuwa basi. Na chombo chake cha maji kilikuwa mtungi mmoja mkubwa aliouacha marehemu mama yake, uko uani, maji yake ndiyo ya kulowekea mchele. Mtungi ukivunjwa hakuna vitumbua, na vitumbua visipokuwepo sisi wawili hatuli. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Asubuhi hiyo tukasikia hodi. Bwana Afya kaingia, Mzungu mwekundu mwenye kaptula, nyuma yake kibarua wake kabeba nyundo, na nyuma ya kibarua nusu ya mtaa, maana wakati ule Bwana Afya alikuwa tamasha. Ramadhani na wenzangu wa darasani walikuwa wanakwenda sokoni, nao wakaingia.

"Hujambo, mama?" akasema Mzungu, Kiswahili safi kabisa.

"Sijambo, bwana. Karibu."

"Mtungi huu hauna kifuniko. Maji haya umeyateka lini?"

Shangazi akafungua mdomo ajibu. Ningemwachia pale, habari ingekwisha. Lakini mimi nikaona, hivi nitakaa kimya mbele ya watu wote hawa, na Kiingereza chote hiki nilicho nacho? Nikajitokeza katikati yao nikasema, "Gudi moningi, sa! Ai spiki Inglishi, sa!"

Watu wakasema "Aaah!" Salehe, Mwarabu mwenye duka la pembeni, akasema, "Mwacheni kijana aseme, huyu msomi." Nikavimba. Mzungu akafurahi, mtu wa mbali kasikia lugha ya kwao, akanigeukia akaniuliza swali lile lile kwa Kiingereza, haraka, kama wanavyosema wenyewe.

Wenzangu, nilielewa swali. Naapa nililielewa. Lakini masikio yalisikia Kiingereza, na mwili wangu ukafanya ulichozoea: nikasimama wima, nikakunja mikono kifuani, nikalirudia swali lake zima, neno kwa neno, kwa sauti ya kiranja.

Na nyuma yangu, Ramadhani na wenzake wote, mikono kifuani, wakaitikia.

Mzungu akakunja uso. Akauliza tena, kwa sauti kubwa. Nanyi mnajua kwetu sauti kubwa ilikuwa na maana gani. Nikapandisha, darasa likapandisha, kuku wa jirani wakakimbia. Mzungu akawa mwekundu zaidi ya alivyokuja, akaniuliza kama namdhihaki. Tukalirudia na hilo. Mimi moyoni nilikuwa nalia, nataka kunyamaza, lakini ulimi ulikuwa umeshika njia, na kila nikimaliza nasikia sauti za wenzangu zimepangika vizuri, nzuri kweli, Mwalimu Tobia angekuwepo angetokwa na machozi.

Mwishowe Mzungu akamgeukia kibarua, kwa hasira akasahau Kiswahili, akanyoosha kidole kwenye mtungi akasema maneno mawili tu.

"Breiki iti!"

"Breiki iti!" nikasema.

"BREIKI ITI!" likasema darasa.

Kibarua akabaki na nyundo mkononi anatutazama, hajui Kiingereza maskini. Shangazi akaniuliza polepole, "Anasemaje?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. "Anasema... uvunjwe."

"Nini kivunjwe?"

"Mtungi, shangazi."

"Na wewe, mwanangu, ulikuwa unasemaje?"

"Na mimi... nilisema uvunjwe."

"Na hawa?"

"Na wao, shangazi."

Salehe alikaa chini kabisa, kwenye tope, kanzu nyeupe, hawezi kupumua. Vicheko vilivyopigwa pale nadhani Ilala walivisikia. Lakini shangazi hakucheka wala hakulia. Akanisogeza pembeni kama mtu anayesogeza kigoda, akasimama mbele ya mtungi wa mama yake, kibarua kainua nyundo, akamtazama Mzungu usoni akasema, "Bwana, mimi na wewe tulikuwa tunaelewana. Niulize tena mimi."

Mzungu akamtazama, akatutazama sisi na mikono yetu (bado tumeikunja!), nikaona masharubu yanaanza kutikisika. Akauliza kwa Kiswahili.

"Alfajiri ya leo, bwana, baada ya sala. Kifuniko kilivunjika jana. Inama uangalie."

Akainama, akakuta maji meupe mpaka chini, hayana kiluwiluwi hata kimoja.

"Tafuta kifuniko, mama."

"Leo hii, bwana."

Imekwisha. Kibarua akashusha nyundo. Mzungu akaondoka na vitumbua kwenye jani la mgomba, shangazi kampa kwa hisani yake, na alipofika mlangoni akanigeukia akasema, kwa Kiswahili, mbele ya wote, "Mwambie mwalimu wako anafundisha vizuri. Nimesikia kila neno."

Nikajifungia chumbani. Alasiri shangazi akagonga. "Saa ya darasa."

"Siendi tena, shangazi. Kiingereza basi."

"Utakwenda," akasema. "Kurudia unajua, nimesikia, mtaa wote umesikia. Nenda leo umwambie mwalimu akufundishe kujibu."

Nikaenda. Mwalimu Tobia nilipomweleza alicheka mpaka akakalia kile kitabu chetu kimoja, kisha akapangusa macho, akaniuliza swali kwa Kiingereza, akanyamaza, akangoja. Nikajibu. Kiingereza hicho ndicho kilichonizungusha nchi nzima na kunilisha, na nakipenda bado. Lakini nimeweka nadhiri, na sijaivunja: nikikuta watu wawili wanaelewana, awe Mzungu, awe nani, mimi nafunga mdomo, nasimama pembeni, na mikono naiweka mifukoni.