Somo la Moyo na Mwiko wa Mama Mdogo

Wenzangu wa ofisi ya walimu walishacheka wakachoka, kwa hiyo na nyinyi chekeni kwanza, mimi nitasubiri, maana aibu niliyoipata mbele ya darasa la sita haisimuliki kwa mtu anayejizuia.

Nafundisha sayansi katika shule moja ya msingi hapa Kariakoo, mitaa ambayo ukifungua dirisha unafundisha wewe pamoja na muuza spika wa duka la chini (na yeye ndiye anayesikika). Wazazi walituchangia tukapata projekta, na Mwalimu Mkuu, Mzee Kibwana, akaifungia kabatini kwa ajili ya vikao. Nikamfuata nikamwambia, Mkuu, hawa watoto moyo wanaoujua ni wa kuku, wa kwenye sahani, niachie niwaonyeshe damu inavyotembea. Akanijibu:

"Mwalimu Zuhura, Jumatano nitakaa nyuma nione mwenyewe. Nikiona somo, itabaki darasani. Nikiona sinema, inarudi kabatini, na usije kuniomba tena."

Kama hujawahi kuitumia, usiiogope: unaandaa somo kwenye kompyuta ukurasa kwa ukurasa, kila ukurasa ndiyo slaidi, halafu projekta inazirusha ukutani kwa mwanga. Slaidi zangu nilizichora vizuri, hilo sijutii. Kilichoniponza ni urembo. Nilikuwa na faili la kicheni pati ya Mwanaidi, mtoto wa dada yangu, siku wanawake tulipomfunda kabla ya harusi, nililitengeneza mwenyewe ili picha zijipeleke zenyewe ukumbini bila mtu kukaa kubonyeza, lina maua pembeni na zambarau ya kupendeza, nikasema, ya nini kuanza upya? Nikaweka moyo mbele, mapafu yakafuata, swali la mwisho likafuata, na picha za kicheni pati nikaziacha hukohuko nyuma, kwa sababu kengele italia kabla hatujazifikia. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Wala sikulijaribu, nililipitia kwa macho tu nikalala na furaha yangu.

Jumatano nikatundika shuka jeupe juu ya ubao. Darasa letu lina soketi moja na iko nyuma, basi kompyuta na projekta zikakaa nyuma kwenye dawati la Nasra, binti mtulivu kuliko wote, bega kwa bega na Mzee Kibwana. Mimi mbele na fimbo yangu ya kuonyeshea, na kati yetu madawati yamebanana hata paka hapiti.

"Nasra, bonyeza hapo nilipokuonyesha."

Moyo ukatokea ukutani, mkubwa, mwekundu. Darasa zima likavuta pumzi. Nikaanza, "Moyo una vyumba vinne, viwili kulia, viwili kushoto, chumba hiki..." na fimbo yangu ikawa inagusa pafu. Moyo umeshapita, faili bado linajipeleka lenyewe kama kule ukumbini. Nikasema haidhuru, nikaingia kwenye mapafu, nalo pafu likaondoka, na hapohapo taarabu ikaanza kulia kwenye kompyuta, ule wimbo tuliomwingizia bibi harusi.

"Nasra, mama, rudisha nyuma."

Nasra mtoto msikivu, akabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote, slaidi ikaruka mbele. Nikamwambia rudisha, akabonyeza tena, ikaruka tena, swali la mwisho likapita kama bodaboda, na ukutani nikatokea mimi.

Nimefunga kibwebwe. Mwiko mkononi. Nimepinda mgongo namwonyesha mwari kusonga ugali, na kiuno (mnajua kicheni pati zetu) hakikuwa kwenye ugali. Chini yake maandishi ya dhahabu: MAMA MDOGO KAZINI.

Iddi, ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, akanyoosha kidole kwa adabu kabisa. "Mwalimu, huyo ni mshipa wa ateri au wa vena?"

Darasa likapasuka. Nikajipenyeza kati ya madawati kuikimbilia kompyuta, huku nyuma yangu picha zinaendelea, nikasikia "Mwalimu kalala mdomo wazi!" na "Na sahani ya pilau ameishikilia!", sikugeuka, nilijua ni ipi. Nikafika, mguu ukanasa kwenye waya, projekta ikazimika, nikaangukia dawati la Nasra. Mzee Kibwana akasimama, akakung'uta suruali.

"Mwalimu. Nilisema sinema."

Hapo ningeweza kulia. Lakini nilikumbuka kwamba akitoka mlangoni, kabati linafungwa na haya mambo yote yanabaki kuwa hadithi ya kiuno changu. "Mkuu, naomba ukae. Somo halijaanza."

Sijui nilipata wapi sauti ile. Akakaa.

Nikawaambia watoto wasukume madawati ukutani, yabaki manne tu katikati, hayo ndiyo vyumba vya moyo. Dirishani ni mapafu, nyuma kabisa ni mwili. Nyinyi ni damu, na damu ni mpagazi wa Kariakoo, hatembei mikono mitupu. Chukua chaki dirishani, hiyo ni hewa safi, pita moyo upande wa kushoto, peleka mwilini, huko beba kipande cha karatasi, hiyo ni hewa chafu, rudi upande wa kulia, upelekwe dirishani. Wakaanza kuzunguka. Iddi akageuza njia kwa makusudi, na foleni yote ikakwama.

"Oya, rudi, unatubana!" wakampigia kelele.

"Mmeona?" nikasema. "Mkokoteni mmoja ukigeuka, mtaa mzima unasimama. Ndiyo maana moyo una vali, milango inayofunguka upande mmoja tu." Nikamweka Iddi awe vali. Akawa mkali kuliko mgambo.

Mzee Kibwana akamshika Nasra bega. "Wewe, na hiyo karatasi, unakwenda wapi?"

"Upande wa kulia, kisha kwenye mapafu, shikamoo."

"Marahaba." Akanitazama. "Projekta ibaki. Ila nitakaa tena, na safari ijayo uje na moyo peke yake."

Tangu siku hiyo kila somo naanza na ukurasa mtupu, mweupe, bila ua hata moja, na ninalijaribu mwanzo hadi mwisho nikiwa peke yangu, slaidi zinanifuata mimi, sizifuati. Nawaombeni na nyinyi mfanye hivyo, si kazi ngumu.

Na projekta ipo darasani hadi leo. Kila nikiiwasha, darasa zima linanyamaza, macho yote ukutani, na ninajua kabisa wanasubiri nini. Ile picha ya mwiko hawataiona tena. Ila wakati wanasubiri, mimi nafundisha.