Watoto Waliokanyaga Muhogo

Tangu asubuhi Teodora hajatulia. Anachora, anachana, anatoka nje kuangalia ziwa bila sababu, anarudi. Huyu ndiye fundi aliyechora tembo na maembe kwenye kuta za chekechea karibu zote za Mkuyuni. Leo karatasi moja imemshinda.

Mchapishaji mmoja wa mjini anataka kutoa kwa Kiswahili kitabu cha zamani cha mashairi ya watoto, chenye picha, na kazi ya kuzichora upya amempa Teodora. Wajerumani ndio walioyatunga, Waingereza wa enzi za Malkia Viktoria wakayageuza kwa namna yao, sasa zamu ni yetu. Nakala yenyewe ni ya mama yake, Tereza, aliyepewa na masista zamani alipokuwa akiwafulia nguo. Teodora amekua nayo. Picha aliyoipenda ni ya ndugu wawili wanaotembea juu ya weupe mtupu, nyayo zao zikiwafuata. Mama alimweleza kuwa wamekanyaga muhogo ulioanikwa mwambani, wakakimbia kwa woga; jioni mama yao akawaita, akawaosha miguu, wakala. Basi hadi leo, na mvi zake, Teodora akikuta muhogo umeanikwa kwenye mawe huzungukia mbali.

Juzi ndipo alipokaa na kamusi akasoma maneno yenyewe. Ule weupe ni theluji. Na ubeti wa mwisho hauwarudishi watoto nyumbani. Theluji inafunika nyayo, shairi linaishia hapo.

Sasa achore nini? Akichora theluji, anamuumbua mama yake uzeeni. Akichora muhogo, anawadanganya wasomaji. Na macho ya mama yanakwisha, daktari hakuficha. Hii huenda ikawa picha ya mwisho atakayoiona, na wazo hilo ndilo linalomnyima Teodora raha.

Jioni alijikaza. "Mama, ile picha ya muhogo. Nimesoma, kumbe ni theluji."

Tereza alikuwa akichambua dagaa kwa kupapasa. "Theluji naijua. Sista alinieleza siku ileile aliyonipa kitabu."

"Na wale watoto hawakurudi."

"Hawakurudi," Tereza alisema. "Lakini wewe ulikuwa umempoteza kaka yako Ndalahwa ziwani. Kila ukilala unaniuliza atarudi lini. Ningekusomea hivyo, mwanangu?"

Teodora alimhurumia mama yake, akajionea aibu kwa jinsi alivyomdhania. Alirudi kwenye karatasi, na safari hii hakuchana.

Kesho yake Tereza aliisogeza picha hadi ikakaribia kumgusa pua. Akafuata nyayo kwa kidole, taratibu, juu ya mwamba wenye muhogo, mpaka mlangoni.

"Wameingia wote wawili?"

"Wote wawili, mama."