Jiko la Kikapu la Tryphosa

Hakuna mtu wa Kiogoro aliyewahi kumwita Tryphosa mchawi. Nenda ukaulize, watakuapia, na kiapo chao kitakuwa cha kweli. Walichofanya ni kuacha kula kwake, basi. Akufukuzaye hakwambii toka, walisema wahenga, na watu wa milima yetu wanaijua methali hiyo kwa vitendo kuliko kwa maneno.

Aliolewa na Ombati mwaka wa 1964, akitokea upande wa Nyamira. Ombati alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja mjini Kisii, akienda kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. Boma lilikuwa la mama yake, mjane aliyeitwa Nyamoita, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache na macho mengi. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Ratemo, kaka yake Ombati, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Kericho na kuonekana nyumbani mara moja kwa mwaka kama mvua ya mawe. Mkewe Ratemo, Bitutu, ndiye aliyebaki na watoto. Kitinda mimba wake alikuwa msichana wa miaka minne, Abigael, mtoto asiyejua kunyamaza.

Wote walikuwa Wasabato, na Msabato wa siku zile hakuwasha moto siku ya Sabato. Ijumaa kabla jua halijazama, kuni zimekatwa, maji yamechotwa, chakula kimepikwa. Kesho yake wakitoka kanisani walikula viazi vitamu vilivyolala na ndizi zilizoganda, wakashushia maziwa. Nyamoita alikuwa amekula baridi hiyo kwa miaka thelathini, na nadhani aliihesabu kuwa sehemu ya wokovu wake.

Sasa, kulikuwa na mwalimu wa kikundi cha akina mama kanisani, Jemimah, mwanamke wa viatu vyeusi na kitabu cha mapishi kwapani. Huyu ndiye aliyewafundisha jiko la kikapu. Unachukua kikapu kikubwa, unakishindilia majani makavu ya mgomba chini na pembeni, unaacha shimo la kutosha sufuria. Nyama unaichemsha jikoni kwa muda wa saa moja, unaifunika barabara, unaitia kikapuni ingali inatokota, kisha unaifunika kwa mto uliojazwa majani na blanketi kuukuu. Humo inaendelea kuiva yenyewe, polepole, usiku kucha, bila kuni wala mtu wa kuikoroga. Wanawake wengine walicheka, wakaenda zao. Tryphosa hakucheka. Alirudi nyumbani akaanza kukusanya majani makavu siku hiyo hiyo.

Alikuwa na sababu. Miaka mitatu ndani ya boma lile na bado alijiona mgeni. Nyamoita alipotaka uji alikwenda kwa Bitutu. Habari za ukoo zilisemwa kwa Bitutu. Tryphosa hakuwa amefanyiwa ubaya wowote, lakini hakuwa amefanywa mtu wao, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyomwambia mumewe. Aliamini kwamba siku boma zima litakapokaa nyumbani kwake, likala likashiba, mambo yatakuwa mengine.

Ijumaa moja ya Julai 1967, wakati wa baridi ile inayoingia hadi kwenye mifupa, Ombati alirudi mapema na nyama ya ng'ombe, kifua chenye mfupa, pamoja na pakiti mbili za tambi alizonunua kwa Mhindi. Tambi! Nyamoita hakuwa ameonja tambi maishani. Tryphosa alikata nyama, akaikaanga kwa vitunguu na nyanya, akatia bizari kidogo na chumvi, akaongeza maji, akaiacha ichemke hadi kifuniko kikaanza kucheza. Tambi alizivunja, akazikaanga kavu mpaka zikawa rangi ya kahawia, akaziweka kando. Jua likiwa juu ya migomba bado, sufuria ilikuwa kikapuni imefunikwa gubigubi, na Tryphosa ameoga, amevaa nguo safi, anaimba.

Kesho yake mchana walipotoka kanisani aliwakaribisha wote. Alifunua blanketi, akaondoa mto, akainua kifuniko. Mvuke ukapanda. Nyama ilikuwa inaachana na mfupa yenyewe. Akatia zile tambi, akafunika tena, na baada ya muda mfupi zilikuwa zimelainika ndani ya mchuzi ule wa moto. Watoto wakapiga makofi.

“Mkamwana,” Nyamoita akasema akichungulia kikapu, “umemficha shetani gani humu anayekupulizia moto siku ya Bwana?”

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Tryphosa mwenyewe alicheka hadi akajifuta machozi. Ulikuwa mzaha, na wa kumpenda, na ndio mzaha wa kwanza aliowahi kutaniwa na mama mkwe.

Ila alifanya kosa, na hapa nataka nieleze taratibu, maana kwa wengine halitaonekana kosa. Kwetu mwanamke akipakua, huchota kidogo akala mbele ya macho ya watu kabla hajawapa. Hafanyi hivyo kwa ulafi. Anawaambia: kilichomo humu kinaweza kuingia tumboni mwangu kwanza. Hata mjinga hufanya hivyo. Mwalimu Jemimah alikuwa amewafundisha kwamba mpishi mstaarabu hula mwisho, lakini tusimsingizie mwalimu. Ukweli ni kwamba nyama huwa inanywea ikiiva sana. Tryphosa alitazama sufuria, akatazama sahani kumi, akaona haitoshi, na akaamua ya kwake isiwepo. Aliwapakulia wote, akasema ameshiba. Tumbo lake lilikuwa linanguruma. Uboho wa mfupa alimpa Abigael, kwa sababu mtoto yule siku hiyo alikuwa na makamasi na macho mekundu na hakuwa na maneno yake ya kawaida.

Jumatatu Abigael alitoka vipele. Ilikuwa surua. Mwezi ule surua ilikuwa imeingia kila kijiji, na watoto walikufa ambao hawakuwa wameona tambi hata pakitini. Bitutu alimfungia mtoto ndani, akampaka dawa ya majani, akangoja. Alhamisi ndipo alipombeba kumpeleka hospitali, na Ijumaa akambeba kumrudisha, amefungwa shuka.

Baada ya mazishi, Nyamoita alimkuta Tryphosa akiosha sufuria za wageni.

“Siku ile ya chakula chako,” akamwuliza kwa sauti ya chini, “wewe ulionja?”

Tryphosa angeweza kudanganya. Hakudanganya, hilo ndilo lililomponza. “Sikuonja, mama. Nyama haikutosha.”

Nyamoita akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu, akaondoka.

Sabato iliyofuata Tryphosa alipika tena. Alipika nyingi kuliko ya kwanza, akasimama mlangoni ili waone, akachota vijiko vitatu akala. Uani hakukuwa na mtu. Milango miwili imefungwa. Walikula Ombati na binti yao mdogo, Orpah, na nyama ikabaki. Jumapili alipeleka bakuli kwa Nyamoita, nalo likapokewa kwa mikono miwili na kwa shukrani. Jioni mbwa wa jirani alikuwa analilamba nyuma ya nyumba.

Ombati, niseme haki yake, alisimama na mkewe. Aliwaita wazee, akasema wazi kwamba mkewe alijinyima ili wengine wale, na kwamba ni aibu wema kulipwa hivyo. Wazee walikubali kila neno. Mwalimu Jemimah naye aliletwa. Akasimama uani na kikapu, akaeleza jinsi majani makavu yanavyozuia joto lisitoke, kama vile blanketi lisivyo na moto lakini humpasha mtu joto. Nyamoita alisikiliza mpaka mwisho.

“Umeeleza vizuri, mwalimu,” akasema. “Umetembea mbali. Njoo kwangu unywe uji.”

Ndivyo ilivyokuwa, mwaka baada ya mwaka. Hapakuwa na tusi, hapakuwa na jiwe juu ya paa. Salamu alipewa, tena ndefu. Akienda kulima shamba la mtu, walimsaidia kulima lake. Kwenye harusi alipewa kazi ya kuchota maji na kupasua kuni. Kisu na mwiko havikufika mikononi mwake. Orpah alicheza na watoto wa Bitutu, lakini yeye akienda kwao alikula, wao wakija kwake walikuwa wameshiba. Hasira hunipanda nikikumbuka shibe ya watoto wale. Mtoto gani wa miaka saba hushiba kila siku?

Mwaka wa 1971 Tryphosa alimkuta Bitutu kisimani, wakiwa wawili tu. Akaweka mtungi chini.

“Mama Abigael, nakuomba kwa jina la Mungu. Unajua ilikuwa surua.”

Bitutu aliendelea kujaza mtungi wake mpaka maji yakamwagika. “Najua,” akasema. “Nimejua tangu ile Jumatatu.”

“Basi waambie.”

“Nikiwaambia ni surua, wataniuliza kwa nini nilingoja mpaka Alhamisi.” Akajitwisha mtungi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. “Wewe una mume hapa. Unaweza kulibeba jambo hili. Mimi nikilibeba nitakufa.”

Akapanda njia, na Tryphosa akabaki pale. Alimchukia kwa muda wa kama dakika kumi, ndivyo alivyosema mwenyewe baadaye. Kisha chuki ikamwishia, akaona hata hiyo hana nguvu nayo. Hakumwambia mtu, hata Ombati.

Na bado alipika. Watu walidhani ni ukaidi. Kila Ijumaa nyama ikipatikana, au maharage isipopatikana, sufuria iliingia kikapuni, na Sabato mchana Ombati alirudi kutoka kanisani akala chakula cha moto, akasifu, akaomba aongezwe. Kulikuwa na mtu mzima mmoja duniani aliyekula kwa mkono wake bila kuuliza, naye alikuwa mumewe. Mwanamke anaweza kuishi kwa hilo. Tryphosa aliishi kwa hilo miaka saba.

Mwanzoni mwa 1974 tumbo lilianza kumsumbua Ombati. Lilimkata akiwa ameinamia cherehani, mpaka akawa anafunga kazi mapema. Daktari mjini alisema ni vidonda vya tumbo, akampa dawa ya maji meupe, akamkataza pilipili na chai ya rangi. Dawa ilimsaidia kidogo. Nyamoita, ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa milima zamani, alionekana siku mbili mfululizo ameketi kwenye baraza ya duka mjini, karibu na cherehani ya mwanawe. Walizungumza nini, hakuna aliyesikia.

Sabato ya wiki ile alikuwa amepika nyama ya ng'ombe laini, isiyo na pilipili, kwa ajili ya tumbo lake, na tambi nyembamba. Alifunua kikapu. Mvuke ukapanda. Akampakulia sahani iliyojaa, akaiweka mezani mbele yake, akampa kijiko. Orpah alikuwa bado kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Ombati alisali, sala ndefu kuliko kawaida, akafumbua macho.

Kisha hakula. Alishika kijiko, akaitazama sahani, akangoja.

Tryphosa alidhani anasubiri chumvi, akaisogeza. Ombati hakuigusa. Hakumtazama usoni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, maana hakuwa mtu mbaya, na alijua vizuri anachofanya.

Mkewe akaelewa. Alivuta kiti akaketi mkabala naye, akakichukua kile kijiko mkononi mwa mumewe, akachota nyama na tambi, akatia mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akafungua mdomo ili mumewe aone kwamba amemeza. Halafu akamrudishia kijiko, na Ombati akaanza kula.