Unga Kwenye Picha ya Papa

Juzi niliona kwenye televisheni watu wakishindana kuteleza kwenye theluji, hasira ya zamani ikanipanda. Papa, baba yangu, alikuwa kapiteni wa jeshi kwetu Kongo. Hapa Durban alilinda magari ya watu mtaa wa Umbilo, kwenye lami iliyonuka kwa jua. Mchana mmoja alimwonyesha Mkongo mwenzetu, mwenye saluni ya nywele aliyekuwa akimlindia gari, picha yake mwenyewe akishindana kwenye theluji na maofisa wa Ulaya.

Nami, mtoto ambaye sikuwahi kuona theluji, nikauliza, "Papa, mbona walimwaga unga wote huu?"

Yule bwana akacheka hadi akaegemea gari lake. "Eish, kapiteni, picha ya studio! Hata mutoto anajua iko unga!"

Papa akapangusa kioo cha gari. "Ndiyo, bosi. Iko unga."

Kapiteni mzima! Nami nikarukaruka kwa furaha, eti nimepatia.