Chelezo cha Nyanya

Juzi tukifunga mizigo kuhama mtaa wa Komarock kwenda mtaa wa Fedha, binti yangu alikuwa amekalia gunia la nguo, anacheza vita vya meli kwenye simu. "Mama, ona! Hili gati linaloelea likitembea linakataa kutengeneza meli. Si ni ujinga?" Kamba ikaniponyoka mkononi. Ngoja nikueleze kwa nini.

Sisi tuliokulia mtaa wa Ziwani vita hivyo tulivipigana zamani, rafiki yangu, tena kwenye matope. Mvua ikinyesha, dimbwi lilijaa karibu na mfereji wa mtaa. Meli zetu zilikuwa ndala kuukuu. Ikipigwa kokoto ikapinduka, imeumia. Jirani yetu mmoja, mfanyakazi wa reli aliyewahi kufanya kazi bandarini, ndiye aliyetufundisha mambo ya chelezo: kinaelea, kinapokea meli mbovu tumboni, kinainyanyua, inatengenezwa papo hapo majini. Chetu kilikuwa beseni la kufulia la nyanya yangu, mama yake mama. Walioshindwa walichotea nyumba zote maji jioni, dagaa wa omena wakinukia kila mlango, na mimi nilichukia kubeba mtungi kama dawa ya minyoo.

Sheria ya jirani ilikuwa moja. Chelezo kiende popote kitakapo, lakini kikibeba meli kitulie mpaka ipone. Nani atulie! Siku moja adui walitukaribia, nami nikalisukuma beseni mbio likiwa limejaa wagonjwa. Likainama, maji yakaingia, meli zetu zote zikazama. Nyanya, mikono imejaa unga, alicheka hadi akakaa chini. "Ai, mtoto wewe! Kidonda hakishonwi mtu akikimbia!" Nilichota maji nikilia.

Nyanya hayupo tena. Pale kwenye dimbwi wamejenga ghorofa. Nami tangu baba ya mtoto huyu afariki, ni kuhama tu: Umoja, Donholm, Komarock. Nikianza kuzoea nyumba, kuta zinanikaba, natafuta nyingine. Kusema kweli naogopa kutulia, maana nikitulia nitasikia vile hayupo.

"Si ujinga," nilimwambia binti yangu, nikamsimulia habari ya beseni. Akaweka simu chini, akayatazama magunia.

"Sasa sisi tutatulia lini?"

Nje mwenye lori la kutuhamisha alikuwa anapiga honi. Nikashuka ngazi, nikamwambia aende zake.