Nyumba ya Kaka Yangu Magamba

Machi 1996 nilimpoteza kaka yangu, ndani ya nyumba ya tofali aliyoijenga kwa mikono yake pale Magamba.

Alipigana vita ya Uganda. Aliporudi, mke wake alivumilia mayowe yake ya usingizini miaka kadhaa, kisha akaondoka. Shamba likaishia kwenye pombe. Nilimkuta analala barazani stesheni ya Mpanda, pamoja na mbwa. Kwangu alikataa kuja. Aliogopa atawaumiza watoto akiwa ndotoni.

Wakati huo parokia ilikuwa na nyumba ya askari wa zamani wasio na makazi, iliyokuwa zamani ghala la mahindi, na mimi nilikuwa mpishi pale. Nikampeleka huko. Kila mtu alipewa kitanda, sabuni na kazi ya kufyatua matofali. Aliyeacha pombe, akajipikia na kulima msimu mmoja, alipewa kiwanja, wenzake wakamsaidia kusimamisha kuta.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mnyamwezi mmoja mwenye mguu mbovu. Sisi ni Wafipa, kwa hiyo walikuwa watani, na walianza siku hiyohiyo.

"Mfipa, kwenu si mnaruka na ungo? Wewe umeshindwaje mpaka ukalala na mbwa?"

"Nilikuwa namsubiri Mnyamwezi anibebe. Si kazi ya babu zenu?"

Kaka akacheka. Tangu vita sikuwa nimemwona akicheka. Akiamka na mayowe, sisi wengine tuliogopa kumgusa. Mtani wake alimtukana tu kutoka kitandani: "Nyamaza, mchawi, umeshaonekana!" Kaka alirudisha tusi, akalala.

Akaacha pombe, akajenga. Mlezi wa nyumba ya parokia, mtu mwema, alikuwa na kanuni yake: anayehamia nyumba aliyojijengea asitembelewe mwezi wa kwanza, ili azoee kujitegemea.

"Mlezi, huyu Mfipa akiwa peke yake haombi hata maji," mtani alimwambia.

"Ndiyo maana lazima ajifunze, mzee."

Kaka akahamia peke yake. Majirani walimwona akipalilia mahindi. Baadaye hawakumwona, mlango umefungwa, wakasema askari yule hapendi kusumbuliwa. Ilikuwa malaria. Duka la dawa halikuwa mbali. Mlezi alilia kuliko mimi. Sikumlaumu, wala sikumfariji.

Makaburini, kabla jeneza halijashushwa, mtani alitupa fimbo yake, akateremka kaburini, akalala chali. Hiyo ni haki ya mtani, na watu walicheka.

"Shimo langu hili! Mfipa amekaa nyumba nzima peke yake, na humu pia anataka alale peke yake?"

Kicheko kikakatika. Kwa desturi mtani hupewa kitu ndipo atoke. Nikamletea kuku.

"Dada, kuku sitaki. Nataka nyumba yake, na mtu wa kulala chumba cha pili."

Nyumba sasa ilikuwa yetu sisi ndugu. Nikasema achukue. Mlezi akainama, akampa mkono ili amtoe, lakini mtani hakuushika.

"Na mtu wa pili?"

"Na mtu wa pili," mlezi akasema.

Akatoka, tukamzika kaka yangu. Jumatatu askari wawili, mtani na mwenzake, walihamia Magamba na magodoro yao juu ya baiskeli, wakaanza kumalizia palizi.